Ngoja wa Juu

Mmenitumia swali kupitia kwa Abdi, ninyi vijana mliorithi viti vyetu pale ofisi ya mito mjini Wote. Mnasema mmefungua programu ya maji, ile ya zamani, na katikati ya Fotrani, lugha ile ya mashine, mmekuta maneno ya Kiswahili: NGOJA WA JUU. Mnauliza nani aliandika, maana yake nini, na kama mnaweza kufuta. Niliandika mimi. Msifute. Mengine nitaeleza, lakini mtanivumilia, kwa sababu kuna mahali mpaka leo sielewi, na sitajifanya naelewa eti kwa vile nimestaafu.

Kama mnataka kujua nani alipanda cheo na alilipwa ngapi, kaulizeni wahasibu. Hayo hayakuwahi kuzuia maji.

Niliingia kazini miaka ya sitini nikiwa na standadi foo na miguu mizuri. Miguu ndiyo ilinipa kazi. Ofisi ilitaka mtu wa kupanda milima ya Mbooni, juu ya Kikima, kila asubuhi, asome vipima mvua. Kipima mvua kilikuwa mkebe wa shaba wenye mdomo kama wa faneli. Unamimina maji yaliyomo kwenye glasi yenye mistari, unasoma, unaandika, unamwaga. Mtu yeyote anaweza, ndivyo nilivyofikiri.

Siku yangu ya kwanza nilifika kwa mkebe wa pili nikakuta umekauka kabisa, na usiku kucha mvua ilikuwa imepiga mabati. Mama wa boma lile akaniambia bila aibu, "Hayo maji nimepikia mtoto uji. Maji safi namna hiyo, na ninyi mnamwaga? Mna wazimu?" Nikaandika kwenye kadi ya ripoti: mvua imenyesha, imepikwa. Bosi alisoma mara mbili, akanitazama, akaniambia nijifunze kutoandika kila kitu. Hilo sikujifunza.

Mtu aliyenifanya nilivyo aliitwa Musyimi. Alikuwa mkuu wa mashine ya kutoboa kadi, mtu mfupi mwenye mkono mzito na ulimi mzito kuliko mkono. Miaka ya sabini, magoti yangu yalipoanza kulalamika, alinitoa mlimani akaniketisha mbele ya mashine. Wakati ule programu haikuwa kitu cha kwenye skrini. Ilikuwa sanduku la kadi ngumu, kila mstari wa programu na kadi yake, kila herufi na tundu lake. Nilitoboa programu ile ya maji kadi kwa kadi, mara nyingi mno, kwa sababu kadi zilichakaa. Kiingereza sikuwa nacho cha kujisifia. Lakini nilijua kwamba ukikosea IF moja, maji yanapanda mlima.

Musyimi alinifundisha neno moja tu la maana: kufuatana. Alikuwa akisema, "Nzioka, kadi ni watu kwenye foleni ya kisima. Wa pili hachoti kabla ya wa kwanza. Ukichanganya foleni, kuna mtu atarudi nyumbani na mtungi mtupu, na hutamjua ni nani." Na kabla ya kufunga sanduku alipiga mstari wa wino mshazari, kutoka pembe hii hadi pembe ile, juu ya kingo za kadi zote. Nilidhani ni urembo.

Kazi ya mstari ule niliijua kwenye stesheni ya Emali. Mashine kubwa ya kuhesabu ilikuwa Nairobi, kwa hiyo sanduku letu lilikwenda kwa treni. Abdi, dereva wetu, ambaye baba yake alileta ng'ombe kutoka kaskazini akaamua hapa kunatosha, alilibeba begani pale stesheni. Treni ikapiga honi. Abdi akaruka. Sanduku likafunguka hewani na programu nzima ya maji ikatawanyika kwenye jukwaa, upepo wa Emali ukaichukua hadi kwenye mbuzi wa soko.

"Wallahi, Nzioka, mbuzi anakula kadi!"

"Mnyang'anye!"

"Ameshameza nusu! Ilikuwa inasema nini?"

Tuliziokota zote isipokuwa ile moja. Kisha tukaketi chini, tukazipanga kwa kufuata ule mstari wa wino mpaka mshazari ukarudi kunyooka. Ile iliyoliwa niliitoboa upya niliporudi, kwa kichwa. Tangu siku hiyo nikajua kwamba programu ni mfuatano. Maneno yanaweza kuwa sawa yote, lakini foleni ikivurugika hakuna programu. Niliamini hivyo miaka yote, na ndiyo maana niliumia sana baadaye.

Sasa niwaeleze programu yenyewe ilifanya nini, kwa sababu nadhani mmeikuta na hamkuiuliza. Inachukua mvua ya vipima vya Mbooni. Inayashusha maji tuta kwa tuta, haya matuta ya fanya-juu ambayo kina mama wamechimba kila kilima. Tuta la juu likijaa, linamwagia la chini yake. La chini likijaa, linamwagia lingine. Hivyo hivyo mpaka bwawani Kwa Kavuu, lile bwawa la udongo. Kisha inauliza swali moja tu: je, maji yamepita mdomo wa ukuta? Ukuta wa udongo hauvumilii maji kupita juu yake. Yakipita kidogo tu, unakatika kama mkate wa chai. Jibu likiwa la, tulituma taarifa ya neno moja: TULIENI. Likiwa ndiyo: HAMENI. Neno la tatu halikuwepo.

Na chini ya ukuta ule anakaa Kalekye, mjane wa marehemu ndugu yangu. Ndugu yangu alijenga pale kwa sababu udongo ni mzuri na maji yako karibu. Amezikwa pale. Kalekye hataki kuhama, na sikumlaumu, lakini kila mvua za Novemba zikianza nilikuwa sili vizuri. Wengine ofisini walihesabu maji. Mimi nilihesabu maji ya Kalekye. Bonde lote lilitegemea taarifa zetu, lakini yeye ndiye aliyekuwa ananijua kwa jina, na akikosa kunisikia mimi hatamsikia mwingine pale.

Tatizo ni kwamba alikuwa ananisikia vibaya. Mwaka mmoja, kabla kadi hazijarudi kutoka Nairobi, nilikwenda mwenyewe nikamwambia hama, maji yanakuja, mimi najua. Akahama na kuku na vyungu. Maji hayakuja. Nguchiro ndiye alikuja, akamaliza kuku kule alikohamia. Aliniambia, "Shemeji, wewe unajua sana. Ungejua na nguchiro."

Miaka ya themanini kompyuta ndogo ikaletwa Wote, ya kukaa mezani. Musyimi alikuwa amekwisha kufa. Niliandika programu yote ndani yake kwa vidole viwili, na nikaona maisha yamekuwa rahisi, hakuna treni, hakuna mbuzi. Lakini kina mama nao hawakulala. Kila kiangazi mwethya, vikundi vyao vya kusaidiana kazi, zilitoka na majembe na kuongeza matuta, na kila tuta jipya lilikuwa hesabu mpya kwenye programu. Mashine ilihesabu tuta moja, ikamaliza, ikaenda la pili, kama Musyimi alivyotaka. Matuta yalipokuwa mengi, mvua ilinyesha leo na jibu likatoka kesho.

Mvua moja ikanyesha Mbooni mchana. Tuliwasha mashine. Maji yalifika Kwa Kavuu, yakajaa, yakamwagika pembeni mwa ukuta, yakabeba jiko la Kalekye. Ndipo jibu likatoka. HAMENI. Na mtu wa ofisi, kwa sababu kazi ni kazi, akaipeleka. Kalekye alikuwa anakausha magodoro. Aliisoma taarifa, akaikunja vizuri, akampa mwenye kuleta. "Mwambie shemeji asante. Maji yalinifikishia habari hii mapema."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa shida yetu: programu iliyosema kweli baada ya maji kupita. Hiyo si programu, ni mwombolezaji.

Miaka ya tisini wakatuletea mashine ya msaada. Sanduku lisilo la ajabu kwa nje. Ikaja na injinia, msichana wa upande wa Kitui anayeitwa Mwende, aliyesomea mambo hayo ng'ambo na bado anasalimia wazee kwa mikono miwili. Alilifungua sanduku akanionyesha.

"Mzee Nzioka, hii ina vichwa vinne vya kuhesabu."

"Na programu yetu?"

"Ina kichwa kimoja."

"Kwa hiyo vichwa vitatu vitakaa tu vikitazama?"

"Vitakaa tu, Mzee. Mpaka tuivunje programu, kila kichwa kipewe kipande."

Nilitoka nje nikavuta hewa. Hii programu nilikuwa nimeitoboa kwa mikono hii. Mbuzi alikuwa amejaribu kuivunja akashindwa. Sasa huyu mtoto anasema tuivunje kwa makusudi. Niliporudi nilimwambia kitu cha jeuri kuhusu foleni ya kisima. Hakubisha. Akasema, "Ndiyo, Mzee. Lakini visima vikiwa vinne?"

Nikalala na swali hilo, na asubuhi nikaja na jibu, na nilikuja nikitembea kifua mbele, siwafichi. Nikamwambia, "Injinia, wewe umesoma ng'ambo lakini hii kazi tunaijua hapa. Hii ni mwethya."

Ninyi wa mjini huenda mmesahau mwethya ikoje. Watu wa kilima kimoja wanakwenda shamba la mmoja wao, kila mtu na jembe lake. Kila mmoja anapewa kipande cha tuta. Hakuna kusubiriana. Ukimaliza chako, hukai. Unasogea unachukua kipande kinachofuata ambacho hakijaguswa. Mwenye nguvu anachimba vingi, dhaifu anachimba viwili, na jioni kilima kimekwisha. Nikasema, basi vichwa vinne ni wachimbaji wanne. Yamwageni matuta yote mbele yao. Anayemaliza achukue lingine.

Mwende alifurahi mpaka akapiga makofi. "Mzee, hiyo ndiyo wanafanya kule! Wana jina refu sana!" Nikamwambia jina fupi lipo. Tukaandika. Yeye aliandika sehemu za mashine mpya, mimi nikakata programu ya zamani vipande, na kila nilipokata nilipiga mstari wa wino kwenye karatasi, kwa heshima ya Musyimi.

Tukaiwasha kwa mvua ya zamani ambayo jibu lake tulilijua. Chai yangu haikuwa imepoa, printa ikalia. Mara ya kwanza maishani mwangu jibu liliwahi kabla ya maji! Abdi alinishika mkono akanizungusha kama bibi harusi.

Kisha tukaiwasha tena, kwa raha tu. Ikatoa jibu lingine.

Mvua ile ile. Matuta yale yale. Tukaiwasha mara ya tatu, ikatoa la tatu. Mara ya kwanza bwawa lilijaa nusu. Mara ya pili lilimwagika. Mara ya tatu lilikuwa karibu kukauka. Nilidhani ni umeme. Tukaazima kifaa cha kutuliza umeme kutoka kwa fundi wa redio. Nilidhani ni printa. Nikamdhania hata Abdi, ambaye kosa lake lilikuwa kusimama karibu. Nilisoma programu yote mstari kwa mstari na hapakuwa na kosa. Kila kadi, nitaziita kadi mpaka nife, ilikuwa sawa.

Halafu likaja lililonivuruga kabisa. Nikasema, ngoja nione inakosea wapi. Nikaongeza mstari mdogo wa kuchapisha kila tuta linapomalizika. Ikafanya kazi vizuri! Jibu moja, sahihi, kila mara. Nikautoa ule mstari. Ikaharibika. Nikaurudisha. Ikapona. Niliwahi kuona mtoto anayetulia mwalimu akimtazama na kupigana mwalimu akigeuka, lakini sikuwahi kuona hesabu inayofanya hivyo. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nimechanganyikiwa. Akauliza na nini. Nikashindwa hata kueleza.

Mwende naye siku hizo alishinda akichora milima kwenye karatasi. Mchana mmoja tulikuwa tunakula muthokoi, akaniuliza kama anayeongea na sahani.

"Mzee, mwethya mnachimba wakati gani?"

"Kiangazi. Kwani hamchimbi kwenu?"

"Kiangazi tu?"

"Sasa mvua ikinyesha nani atachimba? Maji ya tuta la juu yatashuka yakubomolee la chini kabla hujal..."

Nikaacha kijiko. Tukatazamana.

Mwethya niliyoiweka kwenye mashine ilikuwa ya kiangazi. Kiangazi unaweza kuanza tuta lolote, la chini, la kati, hakuna neno, kwa sababu hakuna maji yanayotembea kati yao. Lakini programu yetu ilikuwa ya mvua! Kichwa chenye mbio kilimaliza chake, kikaruka kuchukua tuta la chini, na tuta la juu yake lilikuwa bado linahesabiwa. Kikauliza maji yanayotoka juu ni kiasi gani, kikapewa sufuri, au maji ya jana. Na kila ukiwasha, mwenye mbio alikuwa mwingine, kwa hiyo jibu likawa lingine. Nilipoweka mstari wa kuchapisha, vichwa vyote vilipoa vikisubiri printa, na foleni ikajinyoosha yenyewe. Mwende hakucheka. Mimi nilicheka, lakini baadaye, na peke yangu.

Ndipo tukaweka kile mlichokikuta. Kabla ya kugusa tuta, kichwa kiulize: wa juu amemaliza? Kama bado, kingoje. Mwende alitaka kuandika maelezo yake kwa Kiingereza. Nikamwambia hapana, hii niandike mimi. NGOJA WA JUU.

Na jibu likawa moja. Lakini mashine ikawa polepole kama ya zamani. Niliangalia: kichwa kimoja kinachimba, vitatu vinangoja wa juu. Tumenunua foleni ya Musyimi kwa vichwa vinne. Nilitaka kulia.

Safari hii Mwende ndiye aliyetutoa. Tulipanda pamoja hadi Kikima kurekebisha kipima mvua, na tukiwa juu akasimama akitazama mabonde yanavyoshuka, kila moja na kijito chake, kila moja na ukingo wake. Akasema, "Mzee, maji ya bonde hili yanajua ya bonde lile?"

"Hayajui. Yanakutana chini, karibu na bwawa."

"Basi tumegawanya vibaya. Tusigawe matuta. Tugawe mabonde."

Kila kichwa kikapewa bonde lake, kulishusha toka juu hadi chini kwa utaratibu wa Musyimi, tuta kwa tuta. Kungojana kukabaki mahali pamoja tu, kule maji yanakokutana. Vijana, kama mna la kujifunza kwangu ni hilo: kabla ya kukata, tazama maji yanajitenga wapi yenyewe. Ikaenda mbio, na jibu likawa moja.

Karibu moja.

Hapa ndipo sielewi mpaka leo. Tarakimu za mwisho, zile ndogo kule nyuma, zilikuwa zinacheza. Mara ni tano, mara ni saba, mara ni nne. Mwende aliniambia ni kawaida. Kule chini mashine inajumlisha maji ya mabonde, na inajumlisha kwa jinsi yanavyofika. Leo bonde hili limetangulia, kesho lile.

Nikamwambia, "Injinia, mimi nilisoma miaka minne. Katika miaka hiyo nilifundishwa kwamba moja jumlisha mbili jumlisha tatu ni sawa na tatu jumlisha mbili jumlisha moja. Kama na hilo ni uongo, nilikwenda shule kufanya nini?"

Akafikiri. "Mzee, ukipima mahindi kwa gorogoro, unafanya nini juu?"

"Unafuta kwa mkono, iwe sawa na mdomo."

"Na punje zinazoanguka?"

"Zinaanguka."

"Mashine kila ikijumlisha inafuta juu. Punje zinazoanguka si zile zile ukianza na gunia lingine."

Nilielewa gorogoro. Mashine sikuielewa. Mashine haina mkono. Lakini nikasema sawa, punje tu, nani atakufa kwa punje. Akasema akipata nafasi ataipangia foleni hata pale chini, mabonde yajumlishwe kwa zamu ile ile kila mara. Nafasi haikupatikana. Mvua zilianza, na zilianza vibaya.

Ilikuwa mchana, wingu limekaa Mbooni kama limelipiwa nyumba. Usomaji wa vipima ulikuja kwa redio kutoka Kikima, namba ambazo mimi, niliyezisoma kwa miguu yangu, sikuwahi kuziona. Tukaiwasha mashine. Printa ikalia: TULIENI. Nikavuta pumzi. Mwende, kwa sababu ndivyo alivyo, akaiwasha tena.

HAMENI.

Tukaiwasha tena. TULIENI. Tena. TULIENI. Tena. HAMENI. Tukatazama namba. Maji yalikuwa yamefika mdomoni pa ukuta hasa, si chini, si juu, na zile punje ndogo za nyuma ndizo zilikuwa zinaamua. Programu haikujua kusema karibu. Ilijua ndiyo na la.

Nikamuuliza Mwende, "Wewe umesoma. Lipi ni la kweli?"

"Yote mawili ni sahihi, Mzee. Kwa kipimo cha mashine."

"Mimi nina shemeji mmoja. Sina wawili, mmoja wa kuhama na mmoja wa kutulia."

Macho yake yalijaa machozi, nikajuta kusema. Kompyuta ya zamani tulikuwa tumeiwasha pia pembeni. Ilikuwa bado inahesabu matuta ya juu, pole pole, kwa heshima zake. Ingesema kweli kesho.

Nikamwambia Abdi awashe gari. Njiani nilijaribu kuchagua neno. Miaka yote nilikuwa nimekwenda kwa Kalekye na neno moja, nikalisema kwa sauti ya mtu anayejua, hata siku ambazo sikujua vizuri. Ukisema kwa wasiwasi nani atahama? Ndivyo nilivyoamini. Abdi akauliza, "Tunamwambia nini?" Nikamwambia aangalie barabara.

Tulimkuta anatwanga mahindi kwenye kinu, chini ya mabati ya jiko jipya, manyunyu yakianza. Hakuacha kutwanga.

"Karibu, shemeji. Leo mashine inasemaje?"

"Inasema mawili."

"Mawili gani?"

"Inasema ukuta utasimama. Halafu inasema hautasimama."

"Mvua ile ile?"

"Ile ile."

Akatwanga mara mbili, tatu. "Na wewe unasemaje?"

Nilifungua mdomo niseme hama. Nilikuwa nimeshaamua kwenye kona ya mwisho. Lakini nilikumbuka kuku, na nguchiro, na ile taarifa iliyokunjwa vizuri, nikaona nikisema hama kwa sauti ile ile, atatwanga tu. Na pia ingekuwa uongo.

"Sijui," nikasema.

Mtwangio ukasimama hewani.

"Sema tena."

"Sijui, Kalekye. Nimeiuliza na sijui. Injinia hajui. Nimechanganyikiwa kabisa."

Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayetazama nyumba anayoijua ikiwa imetolewa mlango. Kisha akauweka mtwangio chini taratibu, akatoka kwenye manyunyu, akakusanya pumzi na kupiga ukelele kuelekea nyumba za chini:

"Mama Ndunge! Fungua mbuzi! Chukua watoto! Nzioka hajui!"

"Anasema nini?" ikajibu sauti.

"Hajui! Nzioka amesema hajui!"

"Nzioka? Huyu huyu?"

"Huyu huyu! Yuko hapa, amesema mwenyewe!"

"Aiee! Tumekwisha!"

Nikasikia jina langu likishuka bondeni, boma kwa boma, Nzioka hajui, Nzioka hajui, na nyuma ya jina mbuzi, na milango, na watoto wanaoburutwa. Sijawahi kuona watu wakihama kwa haraka hivyo kwa neno lolote tulilowahi kutuma kutoka ofisini. Abdi alibeba vikongwe kwa gari, safari baada ya safari. Mimi nilibeba kuku.

Ukuta ulikatika upande mmoja kabla ya giza. Maji yalipita pale jikoni yakachukua mabati, meza, na kinu. Mtu hata mmoja hakuchukuliwa. Kinu kilipatikana baadaye mbali chini, kimekwama kwenye mchanga, kimesimama wima kama kinachongoja mtwangio.

Ukuta ulijengwa upya kiangazi kilichofuata, kwa mwethya, na mimi nilichimba. Mwende alipata ile nafasi yake, akaipanga foleni pale chini, na sasa mashine inajumlisha mabonde kwa zamu moja na kutoa jibu moja tu. Ndiyo hiyo mliyonayo. Najua mnajivunia kwamba haibadiliki. Mimi bado nashangaa: punje zinaanguka vile vile, ila sasa zinaanguka mahali pamoja kila siku. Hiyo ni kujua, au ni kuzoea? Nimemuuliza Mwende. Amecheka tu.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Kalekye, sasa sina kazi nyingine. Amejenga jiko hapo hapo. Akanikaribisha, akaniuliza habari za ofisi, na kama ile mashine bado inasema mawili mawili.

Nikamwambia hapana, imerekebishwa. Sasa inasema moja.

"Inajua?"

"Inajua."

Akatikisa kichwa, akaendelea kuchagua mbaazi.

"Basi mvua zikianza," akasema, "nitalala na viatu miguuni."